Puliza hapa, mzee! Usiku wa kipima ulevi jijini Nairobi

Wiki hii safu yako imevuka mpaka. Usiniulize nauli niliipata wapi, hayo ni ya ndani. Pasaka ya 2025 niliila Nairobi kwa binamu yangu, mtoto wa mjomba, ambaye amekaa kule miaka mingi mpaka Kiswahili chake kimebadilika. Siku hizi hasemi "nakuja", anasema "nacome".

Basi liliondoka Dar alfajiri ya Ijumaa Kuu. Chalinze, Segera, Same, Moshi, Arusha, tukagonga mihuri Namanga, kisha Kajiado na Kitengela. Saa 5 usiku nikashuka maeneo ya River Road, miguu imevimba kama maandazi. Mvua ya Aprili inanyesha, baridi ya Nairobi inauma, na mimi nimevaa fulana ya Kariakoo. We acha tu!

Binamu alikuja kunipokea na kigari chake cha Kijapani. Anaishi Uthiru, nje kidogo ya jiji, kwa hiyo tukashika Waiyaki Way, tukaipita Westlands yenye taa na muziki kibao. Tulipokaribia Kangemi, foleni. Nikashangaa. Saa 6 usiku, foleni ya nini tena?

"Alcoblow," binamu akajibu huku anacheka. "Leo utaona sinema ya bure."

Kweli nikaiona. Koni katikati ya barabara, makoti yanayong'aa, tochi zinamulika kila kioo. Nyuma yetu mama mmoja wa makamo alishuka upande wa abiria akiwa amejifunika kanga kichwani, akazunguka gari, akaingia kwenye usukani. Mumewe akahamia kiti cha pembeni, mpole kama kamwagiwa maji. Mbele yetu kulikuwa na matatu, na abiria wake walikuwa wanamshangilia dereva wao: "Apulize! Apulize!" Pembeni jamaa wa shati jeupe alikuwa anaapa kwamba kanywa dawa ya kikohozi tu. Kikohozi gani hicho kinachomfanya mtu aegemee mlango wa gari asianguke?

Zamu yetu ikafika. Askari akainama dirishani.

"Habari ya usiku? Puliza hapa, mzee. Moja kwa moja, usikate."

Binamu ana miaka 28, uzee huo ni heshima tu ya kule. Akapuliza. Askari akatazama kifaa, akasema, "Sawa, endelea. Pasaka njema." Binamu akaondoka amevimba kichwa kama aliyefaulu mtihani wa darasa la saba.

MASHINE YENYEWE

Njiani akanipa historia, na mengine nikayatafuta mwenyewe. Alcoblow ni jina la kifaa chenyewe, kinachotengenezwa na kampuni moja ya kule Wales, Uingereza. Wakenya wamelifanya jina la msako mzima, kama sisi tunavyoita kila sabuni ya unga kwa jina la moja. Kanuni zake zilitungwa mwaka 2011, na msako wenyewe ukapamba moto Desemba 2013. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2010, kulikuwa na sheria ya vileo ambayo Wakenya waliipa jina la mbunge aliyeipigania, John Mututho. Hiyo ilizitaka baa zifunguliwe saa 11 jioni siku za kazi na zifungwe saa 5 usiku. Kwa hiyo mnywaji wa Nairobi alibanwa huku na huku. Baa inamfukuza, barabara inamsubiri.

Kiwango ni maikrogramu 35 za kilevi katika mililita 100 za pumzi. Hiyo ni sawa na miligramu 80 katika mililita 100 za damu, ambacho ndicho kipimo kilichomo hata kwenye sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kifaa cha barabarani kinachuja tu. Ukikutwa una harufu ya mambo, unapelekwa kwenye mashine kubwa inayotoa tarakimu. Ukipatikana na hatia, sheria ya Kenya inataja faini isiyozidi shilingi 100,000 za kwao, au jela isiyozidi miaka 2, au vyote pamoja.

Wenye baa hawakukaa kimya, biashara ilikuwa inalala. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikasema kanuni zile za 2011 zinagongana na sheria mama ya trafiki. Siku hiyo kuna watu walikunywa kwa furaha mpaka asubuhi. Lakini kifaa kilirudi tena barabarani, na ndiyo maana mimi nilikikuta Kangemi.

JUMAMOSI YA MASANGA

Kesho yake jioni binamu akasema mgeni hawezi kulala na njaa ya mji. Tukaenda Westlands. Mezani tulikuwa sita, wafanyakazi wenzake na mimi. Nyama choma ikaja kwenye ubao, kachumbari, ugali, na Tusker baridi. Mimi nilikunywa mbili. Binamu sikumhesabia, ila chupa zilizokuwa mbele yake zingetosha timu ya mpira na mwamuzi wake.

Nikagundua kitu. Mezani pale kila mtu alikuwa profesa wa Alcoblow. Mmoja anasema ukitafuna karanga huguswi. Mwingine anasema maziwa. Wa tatu anaapia mkaa uliosagwa. Dada mmoja anatembea na pipi za mint pakiti nzima kwenye pochi.

Jamani, naomba niwaharibie starehe. Mashine haipimi harufu ya mdomo. Kilevi kikiingia kwenye damu, damu inapita kwenye mapafu, na pale kilevi kinahamia kwenye pumzi. Kwa hiyo ukipuliza unatoa habari za damu yako. Pipi ni sawa na kumwagia marashi gunia la dagaa. Kahawa nayo itakupa mlevi aliye macho, basi. Dawa pekee ni muda. Ini linasafisha polepole, kwa makadirio ni kama kilevi cha glasi moja ndogo ya bia kwa saa. Mtu aliyelewa chakari saa 8 usiku anaweza kuamka saa 1 asubuhi, kaoga, kapiga tai, na bado akafeli.

Ujanja mkubwa kuliko yote ulikuwa kwenye simu. Kuna kundi la WhatsApp ambalo kazi yake ni moja tu, kusema askari wako wapi. "Wako Lang'ata Road." "Thika Road hapo Roysambu ni safi." "Ngong Road wamejaa." Ujumbe unaingia kama mvua. Kuna watu wanatoa taarifa kwa umakini ambao ungekuwa kazini wangekuwa wakurugenzi.

Saa 8 na nusu tukainuka. Binamu akanirushia simu. "Wewe ndiye navigeta. Angalia Waiyaki Way."

Nikaangalia. "Wako Kangemi, palepale pa jana."

"Basi tunapita ndani."

Msomaji wangu, nataka uelewe vizuri. Sikumwambia aache. Mimi ndiye niliyemsomea njia, na nilijisikia bingwa.

KAWANGWARE, SAA 9 USIKU

Tukakata kushoto James Gichuru Road, tukapita Lavington penye kuta ndefu na mageti ya matajiri, tukashika Gitanga Road. Lami nzuri, taa zipo, binamu anaimba. Halafu ghafla mji ukabadilika. Kuta zikaisha, yakaanza mabati, vibanda, matope. Ndiyo Kawangware. Kutoka pale unaifuata Naivasha Road mpaka Uthiru, na askari unamwacha kule kwenye barabara kubwa anasubiri hewa.

Mvua ilikuwa inanyesha. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye simu, natafuta kama kuna karao wengine mbele. Nikasikia binamu anatoa sauti ambayo si neno. Breki. Gari likaserereka, likapinda, likagonga kitu, "pa!", likasimama.

Mbele yetu kulikuwa na mkokoteni umelala ubavu, gurudumu moja linazunguka. Kabichi zimetapakaa barabarani, nyingine ziko chini ya gari. Na pembeni ya bampa, karibu kabisa, amesimama mwanaume mmoja mwembamba amevaa gunia la nailoni kama koti la mvua. Kati ya goti lake na gari ningeweza kuweka kiganja changu, si zaidi.

Tukashuka. Nilitegemea matusi, hata ngumi. Yule baba alikuwa anatetemeka. Akasema kwa sauti ya chini, "Mkubwa, mimi niko na watoto."

Basi. Hakuongeza.

Binamu akaanza kuokota kabichi. Hapo ndipo nilipomwona vizuri kwa mara ya kwanza usiku ule. Alikuwa hawezi kuinama bila kushika mkokoteni. Anaokota moja, inamponyoka, anaifuata kwenye maji. Huyu ndiye aliyekuwa ananiendesha, na mimi namwambia kata kulia, kata kushoto. Alipotoa pesa mfukoni akampa yule baba zote bila kuhesabu. Baba akazihesabu kwenye mwanga wa taa ya gari, akatazama kabichi zilizopasuka, zilikuwa tatu. Akachukua kiasi chake, nyingine akarudisha. Akainua mkokoteni wake, tukamsaidia kusukuma mpaka ukakaa sawa, akaondoka kuelekea sokoni. Mwenzetu ndiyo alikuwa anaanza siku.

Gari tukalisukuma pembeni kwenye kituo cha mafuta, tukamwomba mlinzi aliangalie. Tukaita teksi ya kwenye simu. Nairobi teksi hizo zipo tangu Januari 2015 Uber ilipoingia, na haikuchukua dakika kumi. Kijana aliyekuja alitutazama, akatazama bampa, hakuuliza kitu. Nauli ilikuwa ndogo kuliko bili ya nyama choma. Tungeiita tangu Westlands, tungekuwa tumelala zamani.

SASA TUSEME UKWELI

Nimewasikiliza madereva wa Nairobi, na lawama zao nyingine zina mantiki. Wanasema msako mwingine umekaa kimtego zaidi kuliko usalama. Wanasema si kila askari anataka pumzi yako tu, yupo anayetaka na "kitu kidogo". Wanauliza kama kifaa kinachopulizwa na watu mia kinasafishwa vipi. Hayo ni maswali ya haki, na anayeshika kifaa anapaswa kuyajibu.

Lakini tazama lile kundi la WhatsApp. Watu wote wale, akili zote zile, ujumbe mfululizo mpaka usiku wa manane, na hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba Kawangware saa 9 kuna watu wanasukuma mikokoteni kwenda sokoni. Tulijua kila askari alipo. Mtu wa kugongwa hatukujua yuko wapi, wala hatukuuliza. Mbaya zaidi, ujanja wetu ndio ulitutoa kwenye barabara pana, ukatuingiza kwenye njia ya watu wanaotembea kwa miguu gizani. Askari wa Kangemi angetuchukulia pesa na usiku mmoja. Njia ya ndani ilikuwa inataka kumchukua baba wa watu.

Na sisi wa Bongo tusijifanye watakatifu. Ukienda Bagamoyo Road au Morogoro Road, dereva anayekuja anakuwashia taa: poa, trafiki yuko mbele. Unapunguza mwendo, unafunga mkanda, ukimpita unakanyaga tena. Tunaona ni undugu wa barabarani. Mimi mwenyewe nimeshamshukuru kwa mkono mtu wa namna hiyo mara kibao. Sasa kila nikiona taa inawashwa naikumbuka ile simu mkononi mwangu.

Jumapili mchana tulikwenda kuchukua gari. Bampa limebonyea kidogo, na jani la kabichi bado limenasa kwenye namba. Binamu alilitoa, akalishika muda mrefu, hakusema kitu. Jumatatu jioni wenzake walipompigia, alitoka, Pasaka ni Pasaka. Ila funguo za gari aliziacha juu ya friji, na kabla hajaagiza chupa ya kwanza aliuliza mezani nani leo anakunywa soda. Hakuna askari aliyemwambia afanye hivyo.

Kama wewe ni abiria kama mimi, usiseme usukani haukuhusu. Swali la nani anatuendesha liulizwe mapema, watu wakiwa bado wana akili zao. Ukilingoja mpaka saa 8 usiku, atakayelijibu ni chupa.

Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Nimesharudi Dar, na miguu imepona.