Hoteli ya Kifahari ya Kimihurura na Familia Yenye Watoto

Kimihurura ni kata ya Wilaya ya Gasabo katika jiji la Kigali, na mgeni hana haja ya kuulizia sana njia ya kufika huko. Kuba la Jumba la Mikutano la Kigali huonekana kutoka vilima vingi vya jirani, na giza likiingia huwashwa taa za rangi zinazobadilika-badilika, hata watoto walio ndani ya gari huanza kubishana ni nani aliyeliona kwanza. Jumba hilo lilifunguliwa mwezi Julai 2016, wakati Rwanda ilipokuwa mwenyeji wa Mkutano Mkuu wa 27 wa Umoja wa Afrika. Umbo lake limechukuliwa kutoka nyumba ya msonge ya wafalme wa kale kule Nyanza, kusini mwa nchi. Ubavuni mwake, katika uwanja huohuo, ipo hoteli ya Radisson Blu, yenye nyota tano na vyumba 292.

Yafaa ijulikane mapema kwamba hoteli hii haikujengwa kwa ajili ya watoto. Ilijengwa kwa ajili ya wajumbe. Mwezi Machi 2018 nchi 44 za Afrika zilitia saini mkataba wa eneo huru la biashara mjini Kigali, na mwezi Juni 2022 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana papa hapa. Siku za mikutano ya namna hiyo, mtoto wa miaka mitano anayekimbia ukumbini na taulo mabegani hukutana na suti nyeusi, walinzi na magari ya ving'ora; wala bei ya chumba haishuki. Kwa hiyo, mzazi atakayeamua kuipeleka familia huko kwa siku mbili au tatu za likizo aulize kwanza kama kuna mkutano, kisha ndipo aulize bei. Aulize pia kitanda cha ziada kinalipiwaje, mtoto wa umri gani halipiwi, na kama kifungua kinywa kimo katika hesabu. Majibu yapatikane kwa maandishi. Maneno mazuri ya simu hayamsaidii mtu siku ya kulipa ankara.

Wako watakaosema kwamba mtu wa mshahara, aishiye katika kota za jeshi au za polisi, hana shughuli katika hoteli ya nyota tano. Hoja hiyo ina uzito, na kwa familia nyingi ndiyo ya mwisho. Lakini kati ya kulala huko na kutofika kabisa ipo njia ya tatu: kulala katika nyumba ya wageni ya kawaida, ambazo Kigali inazo nyingi na safi, kisha kutenga mchana mmoja wa hoteli kubwa. Baadhi ya hoteli za Kigali huwaruhusu watu wasiolala hapo kutumia bwawa la kuogelea kwa malipo ya siku. Mtoto hatofautishi sana. Akisharudi nyumbani atasimulia habari za bwawa, lifti na maandazi ya asubuhi. Unene wa godoro hataukumbuka.

Langoni kila mtu hukaguliwa. Mizigo hupitishwa katika mashine, na watu hupita mlango wa ukaguzi kama uwanjani mwa ndege. Kwa mtoto wa askari hili ni somo lisilotarajiwa. Baba aliyezoea kusimama langoni na kuwakagua wengine, leo yeye ndiye anayetoa funguo mfukoni na kunyosha mikono. Namna atakavyoupokea ukaguzi huo, kwa subira au kwa kunung'unika, watoto wataihifadhi. Kadhalika salamu. Kinyarwanda cha salamu hakimshindi mtoto: «Muraho» wakati wa kuonana, «Murakoze» wakati wa kushukuru. Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, ingawa si kila mhudumu atakijibu kwa wepesi. Mtoto anayemsalimu mama anayetandika vitanda huhudumiwa kwa uso mwingine kabisa.

Chumbani hatari ni chache lakini ni za kweli. Maji ya bomba la moto hutoka yakiwa makali kuliko ya nyumbani, hivyo mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake. Roshani na madirisha yakaguliwe kabla mizigo haijafunguliwa, na viti visiachwe karibu nayo. Vile vichupa na chokoleti zilizopangwa katika jokofu dogo, katika hoteli nyingi za namna hii, si takrima. Kila kinachofunguliwa huandikwa. Mama mwenye busara huwaomba watu wa mapokezi waviondoe mapema, na vita hivyo vikaisha kabla ya kuanza.

Sasa bwawa. Hapana kitu kinachomfurahisha mtoto hotelini kuliko bwawa, wala hapana kinachostahili hadhari zaidi. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuzama majini miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto, na wengi hudhani kwamba mtoto anayezama atapiga kelele na kurusha mikono. Sivyo. Kinywa kilicho chini ya maji hakiwezi kuita. Mtoto hushuka kimya, kwa muda ambao mtu mzima angeutumia kusoma ujumbe mmoja wa simu, na mara nyingi watu wazima kadhaa wamekaa hatua chache tu kutoka hapo, kila mmoja akidhani mwenziwe anatazama.

Katika jambo hili familia za askari zina nafuu, kwa sababu desturi ya lindo wanayo tayari. Bwawa liwekewe lindo. Mtu mzima mmoja, kwa jina lake, ndiye mwenye zamu. Hanywi pombe, hashiki simu, hageuki kuongea. Zamu ikiisha, makabidhiano hufanywa kwa maneno yanayosikika: «Watoto ni watatu, wote wako upande wa kina kifupi, nimekukabidhi.» Mwingine ajibu kwamba amepokea. Watu watacheka, na wacheke. Mtoto asiyejua kuogelea akae umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtu mzima, hata kama amevaa maboya ya mikononi, kwa maana maboya hayo hutoka. Kuwapo kwa mwokoaji wa hoteli hakumwondolei mzazi zamu yake. Tena Kigali iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mtoto aliyezoea maji ya pwani ataona baridi upesi, huku jua la mchana likimchoma mabega bila yeye kuhisi. Midomo ikianza kutetemeka, atoke, afunikwe taulo, anywe kitu cha moto.

Na kwa kuwa habari ni za mabwawa, liko jingine katika jiji hilohilo ambalo watoto wakubwa wapaswa kuelezwa habari zake. Katika kilima cha Kiyovu ipo Hôtel des Mille Collines, iliyofunguliwa mwaka 1973. Wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, zaidi ya watu 1,200 walijificha humo. Maji ya bomba yalipokatwa, waliteka maji ya bwawa la kuogelea, wakayanywa na kuyapikia. Hoteli hiyo inapokea wageni hadi leo, na bwawa lake lipo palepale bustanini.

Hapo ndipo safari ya Kimihurura inapokuwa kitu zaidi ya taulo nyeupe. Ukitoka katika lango la hoteli na kuelekea upande wa Gishushu, mwendo mfupi tu kwa miguu, utalifikia jengo la Bunge la Rwanda. Kuta zake bado zina matundu ya risasi na majeraha ya mizinga, yaliyoachwa kwa makusudi. Mtoto atayaona. Mtoto wa askari, aliyewahi kuona shabaha za mazoezi, atatambua mara moja kwamba hayo si matundu ya msumari, naye atauliza.

Jibu la kweli ni hili. Jengo hilo wakati ule lilijulikana kwa herufi CND. Tarehe 4 Agosti 1993, mjini Arusha, serikali ya Rwanda na chama cha RPF walitia saini mkataba wa amani, uliotaka pande zote mbili ziingie katika serikali moja ya mpito. Ili viongozi wa RPF wapate ulinzi mjini Kigali, askari 600 wa jeshi lao waliingia CND tarehe 28 Desemba 1993, wakisindikizwa na majeshi ya Umoja wa Mataifa. Kambi ya walinzi wa Rais ilikuwa karibu, katika Kimihurura hiyohiyo. Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana, iliyokuwa ikirejea kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Mauaji yakaanza. Askari wale 600 walijikuta wamezingirwa na kupigwa kwa mizinga. Walijihami, na papo hapo wakatoka kwenda kuwaokoa raia katika mitaa ya karibu, mpaka wenzao kutoka Mulindi, kaskazini, walipowafikia baada ya siku kadhaa. Kigali ilitekwa tarehe 4 Julai. Kufikia hapo mamia ya maelfu ya watu walikuwa wameuawa, wengi wao Watutsi. Umoja wa Mataifa hutaja watu 800,000. Serikali ya Rwanda huhesabu zaidi ya milioni moja.

Tangu mwezi Desemba 2017 ndani ya jengo hilo kuna jumba la makumbusho linalosimulia vita ya kuyakomesha mauaji hayo, na juu ya paa ipo sanamu ya wapiganaji wakiwa na bunduki kubwa ya rasharasha. Ni makumbusho ya kijeshi: kuna ramani, nyendo za vikosi na maamuzi ya makamanda. Msomaji aliyevaa sare ataifahamu lugha yake, na kijana wa sekondari ataifuata pasi na taabu. Hapo ni Bunge linalofanya kazi, basi picha zipigwe kwa ruhusa.

Swali gumu ni umri. Mtoto wa miaka saba atosheke na kuambiwa kwamba palikuwa na vita mbaya, watu wengi wasio na hatia waliuawa, na askari waliokuwa katika nyumba hii walipigana ili mauaji yakome. Asidanganywe kwamba ni mvua iliyobomoa ukuta. Kwa upande wa Ukumbusho wa Gisozi, uliofunguliwa mwaka 2004 mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000, inafaa hadhari kubwa zaidi. Kipo humo chumba cha watoto waliouawa: picha zao, na chini ya kila picha chakula alichokipenda, mchezo alioupenda, na namna alivyouawa. Watu wazima hutoka humo wakishindwa kusema. Heri mzazi aende kwanza peke yake asubuhi, mwenziwe akibaki na watoto bwawani, kisha ndipo aamue kama yule mkubwa wa miaka kumi na mitano aandamane naye kesho yake. Kuwapeleka wadogo kwa sababu tu hakuna wa kubaki nao ni kosa.

Mambo mengine ni mepesi. Jiji la Kigali hufunga baadhi ya barabara kuu kwa magari asubuhi za Jumapili mbili kila mwezi, na njia za Kimihurura zimo. Watu hujaa barabarani kwa kukimbia, kutembea na kuendesha baiskeli, wazee kwa watoto, wala hakuna kiingilio. Familia iliyolipa fedha nyingi kwa ajili ya chumba huenda ikagundua kwamba asubuhi hiyo ya bure ndiyo watoto waliyoipenda. Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda asisahau, siku nyingine zote, kwamba magari ya Rwanda hupita upande wa kulia. Mtoto aliyefundishwa kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka, hapa hana budi kuanza kushoto. Afundishwe jambo hilo siku ya kwanza, kabla ya kuvuka kwenda kununua chochote katika maduka ya Kigali Heights yanayotazamana na Jumba la Mikutano. Mifuko ya plastiki ilikwisha kupigwa marufuku mwaka 2008, kwa hiyo nguo mbichi za kuogelea zifungwe katika mfuko wa kitambaa. Sweta ziwepo, maana jioni za Kigali ni za baridi.

Wanaorudi Tanzania kwa barabara hushuka mashariki, kilomita zipatazo 160, mpaka Rusumo, ambako mto Akagera huanguka kwa kishindo chini ya daraja. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 tu, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka hapo kuingia Ngara. Siku hizi ni kituo cha pamoja cha mpakani, penye malori mengi na foleni ya mihuri. Mzazi anayesafiri na watoto bila mwenziwe awe na barua ya ridhaa karibu na hati za safari, si chini ya masanduku. Ng'ambo ya daraja dereva hurudi upande wa kushoto, na saa za mikononi husogezwa mbele kwa saa moja.