Wapangaji Niliowakuta Ndani ya Lubuntu

Laptopu ya mama ina RAM ya GB 2 tu. Ukiiwasha na Windows, unaweza kwenda kuoga, ukarudi, ukaikuta bado inajifikiria. Ndiyo maana niliihamishia Lubuntu, mojawapo ya Linux nyepesi zinazofaa mashine za umri huo. Wepesi wake unatokana zaidi na mazingira ya skrini. Mwanzoni ilitumia LXDE, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Hong Jen Yee wa Taiwan, na tangu toleo la 18.10 inatumia LXQt. Nilidhani kazi kubwa itakuwa kuzoea menyu mpya na kutafuta kitufe cha kuzimia. Hayo yaliisha kabla ya magharibi. Nilipokwama kwa mshangao ni penginepo kabisa, kwenye jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwahi kujadiliwa: nani anaingia kwa jina gani.

Kwetu akaunti ilikuwa moja na nenosiri moja, tena limebandikwa kwa karatasi chini ya mashine. Mama anaandika humo hesabu za kikoba, mpwa wangu wa kidato cha pili anafanya kazi za shule (na mengine), nami naweka vyangu. Binamu akija kutoka Korogwe, naye anajaza filamu. Kitu cha nyumbani ni cha nyumbani.

Programu ya usakinishaji iliniuliza jina langu, jina la kuingilia, jina la kompyuta na nenosiri. Nikajaza, nikabonyeza, nikaendelea. Hakuna mahali iliponiambia kwamba kwa kujaza tu nilikuwa nimeshapewa cheo.

Jioni hiyo nikafungua dirisha la kusimamia watumiaji na makundi. Nilikuwa peke yangu kwenye orodha, na nambari yangu 1000. Hiyo nambari ikanitia udadisi: hao 999 wa kabla yangu wako wapi? Nikafungua terminali, nikasoma faili la /etc/passwd. Likatiririka. Root, nambari 0. Daemon, 1. Games, 5. Lp, 7. Mail, 8. News, 9. Kulikuwa na www-data mwenye 33 na irc mwenye 39, na mmoja anayeitwa nobody, nambari 65534. Laptopu niliyoisafisha mchana, hakuna aliyeigusa zaidi yangu, na imejaa watu!

Picha iliyonituliza ni nyumba ya kupanga ya uswahilini. Korido iko katikati, vyumba huku na huku, kila mpangaji ana kufuli lake, na ua ni wa wote. Folda ya /home ndiyo hiyo korido. Wale wa nambari ndogo si wapangaji wa kulala. Ni majina waliyopewa watumishi wa mfumo ili kila mmoja aguse vitu vyake tu. Lp anahusika na uchapishaji, www-data na tovuti, na mtu akifanikiwa kuiteka programu ya www-data, hapati moja kwa moja mafaili ya mama. Wengi wao mwisho wa mstari wao pameandikwa nologin, yaani hata ukijua jina, hakuna mlango wa kuingilia.

Mpangilio huu ni wa zamani kuliko mimi. Unix, ambayo Linux imefuata nyayo zake, ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, kwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kompyuta ilikuwa ghali, hivyo watu wengi waligawana moja, kila mtu na kifaa chake cha kuandikia. Linus Torvalds alipoanza Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, alikuwa na PC yake mwenyewe mezani. Hata hivyo alijenga kwa ramani ileile ya watu wengi. Kwa hiyo laptopu ya mtu mmoja anayeishi peke yake nayo ina korido.

Kesho yake nikamwita mama apewe chumba. Niliandika sudo adduser Mama, ikakataa: jina la kuingilia linatakiwa liwe kwa herufi ndogo. Nikaandika mama. Ikakubali, ikampa nambari 1001, ikamtengenezea folda na kunakili humo vitu vya kuanzia kutoka /etc/skel. Kisha ikataka nenosiri.

Mama akaandika. Kwenye skrini hakikutokea kitu, hata nukta.

“Kibodi imekufa,” akasema.

“Inaandika, mama. Haitaki mtu wa pembeni ahesabu hata herufi.”

Alifuta na kuanza upya mara kadhaa kabla ya kuniamini. Halafu likaja swali lililomfurahisha kuliko yote: namba ya chumba. “Inataka kujua nalala wapi?” Baada ya hapo ikauliza simu ya kazini, kisha simu ya nyumbani. Maswali hayo nayo ni urithi. Yanajaza sehemu iitwayo GECOS, kutokana na mfumo wa kompyuta za General Electric. Pale Bell, mashine za Unix zilituma kazi za kuchapisha kwenye kompyuta yenye mfumo huo, na utambulisho wa mtu ukahitaji pa kukaa. Kompyuta hizo zimeshazikwa, swali limebaki, na mwanamke wa Tanga analijibu kwa kubonyeza Enter.

Nilirudi kwenye /etc/passwd kuona mstari wake. Una sehemu saba zilizotengwa kwa nukta pacha, na mahali pa nenosiri pana x peke yake. Nenosiri lenyewe, likiwa limekorogwa lisisomeke, liko kwenye /etc/shadow, faili ambalo mtumiaji wa kawaida halifungui. Nikalinganisha na ile karatasi yetu ya chini ya mashine, nikaibandua.

Mpwa alipata 1002. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kujaribu kuchungulia chumba cha bibi yake, akakataliwa. Tangu toleo la 21.04, Ubuntu na jamaa zake, Lubuntu ikiwemo, hutengeneza folda ya mtumiaji mpya kwa ruhusa ya 750. Kabla ya hapo ilikuwa 755, na yeyote mwenye akaunti kwenye mashine angeweza kuingia na kutazama. Kwa mtunza hesabu za kikoba hilo si dogo. Mle mna majina ya majirani na madeni yao, na mtaa wetu hauna siri inayodumu hadi alasiri.

Mama alisikia fahari, kisha akawaza mbali zaidi.

“Na wewe, chumba changu huwezi kukifungua?”

“Naweza, mama.”

“Kwa nini?”

Ikabidi nimweleze habari ya cheo. Mwenye nyumba ni root, lakini kwenye jamii ya Ubuntu nenosiri lake limefungwa tangu usakinishaji, hakuna anayeingia kama yeye. Kazi zake hufanywa na aliye katika kundi la sudo, kwa kutumia nenosiri lake mwenyewe, na aliyejaza fomu ya kwanza huwekwa humo. Mimi ndiye niliyejaza.

“Na laptopu kanunua nani?”

Hapo mila za mashine na mila za nyumbani ziliachana njia. Mashine haijui mkubwa wala mzazi. Inajua nani yuko kundi gani. Ningeweza kutetea kwamba funguo zikiwa chache ndiyo usalama, na ni kweli, lakini sidhani kama kuna hoja ya kiufundi ya kumwambia mama yako kwamba yeye ni mpangaji kwenye kitu chake. Nikaandika sudo usermod -aG sudo mama. Ile a ina uzito wake: ukiiacha, mtu anaingizwa kwenye kundi jipya na kutolewa kwenye mengine yote ya ziada aliyokuwamo.

Akajaribu. Akaambiwa jina lake halimo miongoni mwa wanaoruhusiwa. Alinitazama kwa jicho ambalo kila mtoto wa Kiafrika analijua. Kumbe makundi husomwa mtu anapoingia. Aliyemo ndani anaendelea na yale ya zamani mpaka atoke na kuingia tena. Alitoka, akaingia, mambo yakanyooka.

Kufuli hizi zote, nilikuja kuelewa, zinafanya kazi nyumba ikiwa imeamka. Mtu akichomeka flashi yenye Linux na kuiwasha laptopu kwa flashi hiyo, anasoma diski anavyotaka, isipokuwa kama diski imesimbwa. Kisanduku cha kuisimba kinaonekana wakati wa usakinishaji, na ukishakipita kukirudia ni kazi.

Mwishoni mwa wiki binamu alifika, akapewa 1003, akajaza filamu, akaondoka. Nilimwondoa kwa deluser, ambayo kwa kawaida hufuta jina na kuacha folda. Nikaiacha, kwa kuwa alisema huenda akarudi. Nilipoitazama kwa ls -l, mahali pa jina la mwenye mali pamebaki tarakimu: 1003. Diski haiandiki kamwe jina la mwenye mali. Inaandika nambari, jina hutafutwa baadaye kwenye orodha.

Kisha dada akaja kukaa kwetu, nikamfungulia akaunti. Adduser inatafuta nambari ya kwanza iliyo wazi, ikamkabidhi 1003. Nikafungua tena folda ya binamu, na kila filamu, picha za simu yake, hata barua ya kuombea kazi, vyote vikasomeka kuwa ni mali ya dada, na ruhusa kamili anayo. Nilikuwa bado najieleza kwa mpwa kwa nini ingefaa kuifunga akaunti ya binamu kwa passwd -l badala ya kuifuta, au kuiondoa pamoja na folda yake kwa --remove-home, dada akavuta kiti, akauliza kama mashine ina spika nzuri.