Ngoma ya Rumanyika na Rangi ya Furu

Kazi ya kufasiri humfikisha mtu asikokutazamia. Mwaka jana niliombwa kutia katika Kiswahili makala kadhaa za elimu ya viumbe zihusuzo samaki na homoni zao. Nilizichukua, pamoja na makamusi yangu, hadi Kyerwa, mkoani Kagera, kwa wakwe zangu. Wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012, na mto Kagera huizunguka ukiitenga na Rwanda na Uganda kabla ya kushuka kuelekea ziwa Viktoria. Kwa sisi watu wa visiwani, tuliozoea samaki wa chumvi, furu wa maji baridi ni kiumbe mgeni: mdogo, mwenye miba mingi, asiyepewa heshima sokoni kama apewayo sato au sangara.

Samaki aliyezungumzwa katika makala zile ni ndugu wa furu hao, naye ni wa upande wa ziwa Tanganyika. Wataalamu humwita Astatotilapia burtoni. Bwana Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alimchunguza kwa miaka mingi. Madume wa samaki huyu wamegawanyika mafungu mawili. Wachache wana makao yao, rangi zao hung'aa, na weusi hupita jichoni mithili ya wanja. Waliobaki hawana makao. Wamepauka kama majike, huogelea kwa tahadhari na hukimbia wakifukuzwa.

Msomaji atadhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba wale wa kwanza wamezaliwa na damu kali na hawa wa pili na damu baridi. La hasha. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, dume mwenye makao aliondolewa gizani, kabla ya taa kuwashwa. Mwanga ulipotokea, yule mnyonge aliona nafasi i wazi. Katika dakika chache tu alianza kung'aa na kuwatisha wenzake. Chembe za ubongoni ziamrishazo mwili kutengeneza homoni za uzazi ziliitikia mara moja, na kwa kadiri siku zipitavyo chembe hizo hukua, na viungo vya uzazi navyo hukua. Akinyang'anywa makao, hupauka tena. Basi homoni humpa samaki ujasiri, lakini nafasi nayo huiita homoni.

Niliposimulia habari hii jioni moja, shemeji yangu alicheka akasema, "Shemeji, huyo hana tofauti na mwenyekiti wa kitongoji siku ya kuapishwa!"

Maneno yake yalinikumbusha habari ya kale ya nchi hiyohiyo. Msafiri Mwingereza, John Hanning Speke, aliyefika Karagwe mwaka 1861, aliandika namna Rumanyika alivyoupata ufalme. Baba yao alipofariki, wana watatu waliwekewa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini iliyotiwa dawa. Nnanaji na Rogero hawakuweza kuisogeza. Rumanyika aliinyanyua kwa kidole kidogo. Nimezoea kuisoma habari hii kama hadithi ya mtu aliyekuwa na nguvu, akapata cheo. Baada ya kukaa na furu, naisoma upya: yawezekana cheo ndicho kilichokitia kidole nguvu.

Kulikuwa na mawili mengine yaliyonishughulisha. La kwanza, estrojeni, ambayo tumeizoea kuiita homoni ya kike, ina mkono katika ukali wa madume. Mwaka 2013 watafiti walizuia kimeng'enya kigeuzacho testosteroni kuwa estrojeni, na madume wenye makao wakapunguza ugomvi. La pili ni la mwaka 2010. Jike alipomwona dume aliyempendelea akishindwa vitani, sehemu ya ubongo wake ihusikayo na wasiwasi iliamka. Hakuguswa na yeyote, alitazama tu. Hapo nililiacha neno "wasiwasi" nikaandika "jakamoyo", neno la washairi wetu, kwa kuwa ndilo linalobeba pigo la moyo pamoja na fikira.

Mimi niliishia darasa la saba. Ushairi niliupata barazani, na kwa miaka mingi nilikaa mlangoni, karibu na viatu, sauti ikinikauka kila nilipotakiwa kughani. Watu walisema ndiyo tabia yangu, nimezaliwa hivyo, nami nikaamini. Usiku mmoja malenga wetu alikuwa safarini, na mzee wa baraza akaniambia, "Sogea hapa, mwanangu, utuanzie." Nilikaa mahali pake. Sauti iliyotoka siku ile sijui ilikuwa imelala wapi.

Sisemi kwamba binadamu ni furu. Sisi tuna dini, sheria na haya, na samaki wa kwenye tangi hawezi kutuhukumia mambo ya nyumbani. Lakini tumekuwa wepesi kusema kuwa mwanamume fulani ni mkali kwa sababu ya damu yake, na kijana fulani ni mwoga kwa maumbile. Tukisema hivyo twamsamehe wa kwanza na twamfungia mlango wa pili. Anayepanga nani akae wapi barazani, darasani au nyumbani, anagusa hadi damu za watu.

Kwa hiyo, nilipofika kwenye maneno mawili ya Kiingereza yanayowataja madume wale, nilikataa kuandika "mbabe" na "dhaifu", ingawa kamusi iliniruhusu. Niliandika "mwenye makao" na "asiye na makao". Mhariri aliuliza kwa nini nimerefusha. Nikamjibu kuwa neno "dhaifu" lamtaja samaki kana kwamba habari yake imekwisha.