Makaburi Mawili ya Vijana wa Shule

Treni kutoka Lille ilitushusha Don-Sainghin asubuhi, mimi na mpwa wangu, kila mmoja na baiskeli yake. Yeye anasoma chuo kikuu pale Lille. Wiki nzima nilikuwa nikimsihi jambo moja: kabla sijarudi Dar es Salaam, anifikishe Annœullin na Estevelles.

"Mjomba, huko ni mashamba tu," alinijibu.

Kweli ni mashamba. Lakini mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma habari za wavulana wawili waliotoka madarasani wakaenda kufa angani juu ya mashamba haya, katika Vita Kuu ya Kwanza. Tena nimekulia Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na wapagazi wa vita hiyo hiyo. Sanamu ya Askari pale mjini haina jina la hata mpagazi mmoja. Labda ndiyo maana jina lililochongwa kwenye jiwe hunivuta.

Huko Annœullin, nyuma ya makaburi ya kijiji kuna makaburi ya wanajeshi wa Kijerumani, na miongoni mwao amelala Mwingereza mmoja, Albert Ball, mwanafunzi wa zamani wa Trent College. Alikuwa rubani aliyeandikiwa ushindi 44 angani. Jioni ya tarehe 7 Mei 1917, ndege yake ilichomoza winguni ikiwa imegeuka juu chini, ikaanguka karibu na kijiji. Mwilini mwake hamkuonekana tundu la risasi. Alikuwa na miaka 20.

Wajerumani walimzika kwa heshima zote za kijeshi. Vita ilipokwisha, Waingereza wengine 23 waliozikwa hapa walihamishiwa kwingine, ila baba yake Albert aliomba mwanawe aachwe alipo. Akanunua hata kile kipande cha shamba alikoangukia, akaweka jiwe la kumbukumbu. Msalaba wa kwanza wa kaburini ulirudishwa Uingereza, nao umo katika kanisa la shule yake.

Watu husifu ule ushindi 44. Mimi hubaki na fidla yake. Kambini alikuwa na kibanda chake na bustani ya mboga, na usiku akipiga fidla nje. Katika barua kwa baba yake alieleza kwamba amechoka kuishi kwa kuua, na kwamba ameanza kujiona muuaji. Barua ile ningetamani kila mwalimu aisome.

Kutoka hapo hadi Estevelles hapafiki kilomita kumi na mbili. Tulikwenda polepole, upepo ukitupiga usoni, hadi tukakiona kilima cheusi cha mabaki ya machimbo ya makaa ya mawe. Mpwa wangu akauliza huyu wa pili ni nani.

Ni Indra Lal Roy, mzaliwa wa Kolkata, aliyesoma St Paul's School, London. Alipotaka kuwa rubani alikataliwa kwa sababu ya macho. Akauza pikipiki yake, akamlipa daktari bingwa wa macho ampime upya, na akakubaliwa. Hiyo ilikuwa Aprili 1917, ana miaka 18 na miezi minne, umri wa kidato cha sita kwetu. Desemba mwaka huo alianguka na ndege. Inasimuliwa kwamba alilazwa pamoja na maiti mpaka alipozinduka na kuugonga mlango. Akiwa anauguza majeraha alikuwa akichora ndege, na michoro yake mingi ipo hadi leo. Nimeiona kwenye picha. Ni kazi ya mtoto anayechora nyuma ya daftari la hesabu, ila huyu ameshajua kila waya unakopita.

Julai 1918 aliandikiwa ushindi mara kumi ndani ya siku 13. Tarehe 22 mwezi huo huo aliangushwa karibu na Carvin. Alikuwa na miaka 19. Nishani yake, Distinguished Flying Cross, ya kwanza kwa Mhindi, ilitangazwa Septemba akiwa tayari kaburini.

"Kumi na tisa," mpwa wangu alisema, akanyamaza. Naye ana miaka hiyo hiyo.

Kaburi lake limeandikwa kwa Kifaransa na kwa Kibengali. Nilichuchumaa niyatazame maandishi ya Kibengali kwa karibu. Herufi zake huning'inia kwenye mstari wa juu kama nguo kwenye kamba. Hayo ni maandishi ya kwao, katika kijiji kilichokuwa cha wachimba makaa ambako sijui ni wangapi wangeweza kuyasoma. Nilikuwa nimeshaitafuta maana yake kabla ya safari, nikamfasiria mpwa wangu: hili ni kaburi la shujaa, liheshimu, usiliguse.

Yeye alikuwa ameinama, mkono umeshanyooka kuliondoa jani lililokauka juu ya jiwe. Akaurudisha mkono taratibu, akauweka mfukoni. Jani tukaliacha pale.