Waliolala Kaboya

Mwaka 1978 mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Kagera lilikuwa jina la mto tu, na kwetu sisi watoto wa Muleba mto huo ulikuwa mbali, huko kwenye njia ya kwenda Uganda. Nilikuwa darasa la nne. Mwishoni mwa Oktoba habari zikaanza kupita barabarani kabla hazijatangazwa redioni: askari wa Idi Amin wamevuka mpaka pale Mutukula, watu wa Missenyi wanakimbia. Hazikupita siku nyingi, wakimbizi wenyewe wakafika. Akina mama walikuwa wamejitwika magodoro, wazee wakisukuma baiskeli zilizolemewa mizigo. Ng'ombe wao walikuwa wameswagwa kwenda Uganda. Shule yetu ikawapa madarasa mawili, sisi tukasomea chini ya mti.

Amin alitangaza kwamba tangu sasa mpaka ni Mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa. Baba aliiweka redio dirishani, sauti akaipandisha hadi mwisho, majirani wakajaa uani. Mwalimu alisema tunayo sababu ya kumpiga Amin, tunayo nia na uwezo tunao. Vijana walishangilia. Wazee waliowahi kusikia habari za vita vya Wazungu walikaa kimya, na bibi yangu, mama mzaa baba, aliingia ndani. Kesho yake daraja la Kyaka likavunjwa na majeshi ya Amin.

Kwetu Novemba ni msimu wa senene. Mwaka ule balozi wa nyumba kumi alipita kila mlango akikataza taa usiku, maana ndege za adui zilikwisha kutupa mabomu Bukoba mjini. Tulikula kabla jua halijatua, kisha tukakaa gizani tukisikiliza magari. Yalikuja usiku kucha kutoka upande wa Biharamulo: malori ya jeshi, malori ya mashirika ya umma, hata ya watu binafsi, yote yamebeba askari. Asubuhi tuliokwenda majanini kuokota senene tuliwakuta wamepumzika kando ya barabara, sare zimejaa vumbi, wengine wamelala na viatu miguuni.

Ndipo nilipowaona kwa mara ya kwanza Watanzania wa mbali. Wengi hawakuwa wamewahi kula ndizi kama chakula; walizoea ugali. Mmoja, aliyesema kwao ni Lindi, aliketi na bibi jikoni kumsaidia kumenya. Aliyavuta maganda kwa vidole, utomvu ukamganda mikononi hadi kwenye viwiko, ukawa mweusi. Bibi akamshika mkono, akampaka mafuta ya kupikia, akausugua taratibu kama anayemwogesha mtoto. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha kuungaunga. Yule askari alimwita "mama" na kumwamkia shikamoo kila alipopita mbele yake. Jioni kikosi kikaondoka kuelekea Kyaka.

Baba mdogo aliondoka wiki ile ile. Alikuwa fundi baiskeli, na tena mgambo. Mafunzo yake aliyapata kwenye uwanja wa shule, wakishika bunduki za mti na kukimbia mchakamchaka huku sisi watoto tukiwafuata nyuma. Alipoitwa aliacha baiskeli tatu za wateja zimefunguliwa. Wawili walikuja kuzichukua vipande vipande. Wa tatu, mzee mmoja jirani, alikataa. Alisema fundi wake ni yule yule, atasubiri arudi. Baiskeli ile ikabaki imeegemezwa ukutani pa baba mdogo, haina gurudumu la mbele.

Vita tulivifuata kwa majina ya miji. Adui alitolewa katika ardhi yetu, na Januari 1979 majeshi yetu yakaingia Mutukula ya upande wa Uganda. Februari ikawa Masaka. Machi ikawa Lukaya, mahali ambapo Walibya walikuja kumsaidia Amin na bado wakashindwa. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Kijijini watu walicheza ngoma, rubisi ikanywewa mpaka asubuhi. Bibi naye alicheza, kwa sababu mwanawe alikuwa hai. Barua yake ilikuwa imefika wiki chache nyuma.

Habari ililetwa mwezi wa Juni, vita vikiwa vimekwisha. Afande mmoja alikuja na mwenyekiti wa kijiji. Akina mama walikuwa uani wakigeuza buni iliyoanikwa kwenye mikeka. Mwenyekiti hakuhitaji kusema neno. Alivua kofia, na bibi akaketi chini. Kahawa yote ililala nje usiku ule, jambo ambalo sikuwahi kuliona nyumbani kwetu.

Baba mdogo hakuuawa kwa risasi. Lori walilopanda lilipinduka barabarani huko Uganda. Niliwasikia watu wakinong'ona msibani kama huyo naye ataitwa shujaa. Nimekua na uchungu wa maneno yale. Katika vita vile wengi walikufa kwa ajali na kwa maradhi, na hakuna hata mmoja wao ambaye angekuwa kwenye lori lile, au kwenye handaki lenye mbu na maji, kama nchi isingemwita. Mtu aliyeacha kazi yake mezani akaitika wito ametoa alichokuwa nacho. Namna kifo kilivyomkuta haipunguzi kitu.

Alizikwa Kaboya, humu humu wilayani Muleba, pamoja na askari wenzake. Kwa bibi hilo lilikuwa pigo la pili. Mhaya huzikwa katika kibanja chake, chini ya migomba yake, watoto wakacheza karibu naye na mjane akapalilia kando yake. Bibi aliomba apewe mwanawe, akaelezwa kwa upole kwamba mashujaa watalala pamoja. Alikasirika kwa muda mrefu. Kisha siku moja alifunga safari ya Kaboya pamoja na baba, nami nikawafuata.

Tulikuta makaburi kwa mistari, Mkristo na Mwislamu jirani. Bibi alikaa kwenye kaburi la mwanawe, akalia hadi akatosheka. Halafu akainuka, akaanza kung'oa majani kwenye kaburi la pembeni, akaenda la pili, akaenda la tatu. Baba alipomwambia hayo si yetu, alijibu kwamba mama zao wako Lindi na Tabora, watafikaje? Tangu siku hiyo hakudai tena mwanawe arudishwe kibanjani.

Mwaka huo wa 1979 mkoa ukabadilishwa jina, ukaitwa Kagera. Zaidi ya mashujaa 600 wamelala Kaboya. Wametoka pande zote za nchi, na ndugu zao wengi hawajawahi kufika. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, viongozi huweka mkuki na ngao, sime, upinde na mishale na shada la maua kwenye mnara, na viongozi wa dini huomba dua. Ni heshima kubwa na inastahili. Lakini kaburi huhitaji pia mtu anayemjua marehemu alivyokuwa akicheka.

Kwa hiyo nawaomba mnaosoma haya, hasa mlio mbali na Ziwa. Kama katika ukoo wenu yupo aliyekwenda vita vya Kagera asirudi, waulizeni wazee wangali hai: alikuwa kikosi gani, alifia wapi, amezikwa wapi. Andikeni wanayowaambia. Serikali nayo, ambayo inayo majina, ingefanya jema kuzisafirisha familia zisizo na nauli, walau mara moja. Na mkifika Kaboya msijione wageni. Sisi wa Muleba tumewakalia msiba wenu miaka yote hii. Njooni tuukae pamoja.