Mkate wa Dukani na Jibu Langu



Siku hizi za karibuni binti wa dada yangu alikuja kutuamkia hapa Ujiji kutoka Dar es Salaam. Yeye hali nyama, wala samaki, wala maziwa, wala mayai. Nilimwuliza kama ameharamisha vilivyohalalishwa na Mwenyezi Mungu. Akanijibu kwa adabu: "La hasha, mjomba. Ni halali, ila mimi nimeviacha." Nikanyamaza, kwani kuacha si kuharamisha.

Basi dagaa wa ziwani tukawaweka kando, tukampikia maharage kwa mawese. Asubuhi nikaleta mkate wa dukani. Akauliza, "Mjomba, hauna maziwa huu?" Nikacheka, nikasema, "Mkate ni unga, maji, chumvi na hamira." Akala kwa kuniamini.

Jioni mke wangu aliyasoma maandishi ya mfuko. Maziwa ya unga yametajwa waziwazi, na baada yake E471. Nilipouliza nikafahamishwa kuwa hicho ni kiungo cha kulainisha mkate, kitokanacho na mafuta ya mimea au ya mnyama, na namba peke yake haielezi ni yapi. Moyo ukanishtuka. Kumbe swali la mgeni lilikuwa langu pia, kwani kwetu sisi si kila mnyama ni halali, wala si kila machinjo. Miaka mingi nimewalisha watoto wangu bila kuuliza.

Kesho yake nilikwenda kwa mwokaji wa mtaani, ambaye mikate yake haina maandishi. Hakukasirika. Alinionyesha mafuta yake ya mimea, kisha kopo la siagi ya mimea. Tukalisoma pamoja: lina maziwa ndani yake. Naye hakuwa anajua. Akaniokea mkate mmoja kwa mafuta matupu.

Nilimpelekea mgeni wangu, nikamkiri kosa. Akasema, "Mjomba, ungeniambia hujui, ningalikula maharage yangu."

Maneno hayo yalinichoma. Mkate ule haukumdhuru, lakini mimi nilikuwa nimetoa ushahidi nisio na ujuzi nao, jambo tulilokatazwa. Enyi wenye nyumba, kumwuliza mwuzaji si kumtuhumu. Nasi tuulizwapo, tusione haya kusema: "Sijui, ngoja nikaulize."