Spiriti Juu ya Dhahabu

Nilifuta nakshi za cherehani cha watu kwa kitambaa na spiriti. Mwenye mali hakuniagiza hivyo. Alichotaka ni kishone. Kisha, aliyekileta alipokuja kukitazama, nilimdanganya.

Nayaeleza haya kwa sababu vyerehani vya namna ile bado vimejaa majumbani, juu ya makabati na mivunguni mwa vitanda, na huenda kimoja kiko kwenu. Siku mtakapoamua kukisafisha, chupa ya spiriti haitakuwa mbali.

Kilikuwa Singer cha mkono, kimeletwa Ngamiani, hapa Tanga, ndani ya kasha lake la mbao lenye mgongo wa mviringo. Gurudumu lilikuwa halizunguki. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda pamoja na vumbi la pamba, yamekuwa utando mzito wa rangi ya kahawia, na chini ya utando huo mstari wa dhahabu ulijitokeza hapa na pale. Aliyekileta alikuwa mtu wa rika langu. Akasema ni cha mama yake, na mama naye alikirithi kwa mama yake mzazi. Sasa bi mkubwa anataka kurudi kushona foronya za wajukuu.

Nikajibu kwamba ni kazi ndogo.

Miaka yote ya ufundi wangu riziki ilitoka kwa Butterfly, cherehani cha Shanghai kilichoundwa kwa mfano wa Singer namba 15, chenye bobini ya duara inayoingizwa upande wa kushoto, chini ya sindano. Kila fundi wa pwani anakijua hata akifumba macho. Nilivisafisha kwa spiriti, na rangi yake haikuwahi kupata neno. Mkono ukazoea: chupa, kitambaa, sugua, futa. Ikafika mahali kila cherehani cheusi kilichonijia kikiwa kichafu nilikiona ni kilekile. Sikukiuliza kimetoka wapi wala kina umri gani. Nilianza na uso kabla ya tumbo.

Kosa lilianzia hapo. Namba ilikuwepo, imegongwa kwenye chuma upande wa kulia wa kitako, imefunikwa na uchafu ambao ningeutoa kwa tone la mafuta na ncha ya pamba. Singer walianza kutanguliza herufi mbele ya namba zao mwaka 1900. Cherehani chenye tarakimu tupu ni cha kabla ya hapo. Herufi inakutajia kiwanda, na ukiisoma pamoja na tarakimu zake inakupa mwaka namba hiyo ilipotengwa. G ni Elizabeth, New Jersey, Marekani. C ni Wittenberge, Ujerumani. Hiki kilikuwa na F, yaani kiwanda cha Clydebank, Scotland, katika miaka ya 1910. Kiwanda hicho kilikuwa kikubwa mno: mwaka 1911 wafanyakazi wapatao 11,000 waligoma kwa pamoja, na treni bado zinasimama kwenye stesheni inayoitwa Singer, ingawa chenyewe kilifungwa mwaka 1980.

Laiti ningelisoma F ile, ningelijua pia kilichopakwa juu ya chuma. Vyerehani vya wakati huo vilipakwa rangi nyeusi yenye asili ya lami, ikachomwa kwenye tanuri mpaka ikawa ngumu. Juu ya weusi ikabandikwa nakshi ya dhahabu, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Juu ya nakshi ikapakwa vanishi ya shelaki kuilinda. Shelaki ni utomvu wa wadudu wadogo wa India, na dawa yake ya kuiyeyusha ni spiriti.

Hilo la mwisho nililijua. Nimekulia karibu na karakana ya seremala. Nimemwona akitia vipande vyembamba vya shelaki ndani ya chupa ya spiriti, akivisubiri viyeyuke, kisha akilipaka kabati kwa bonge la kitambaa, mkono ukizunguka polepole. Ila maarifa hayo yalikuwa ya samani. Sikuyaleta mezani kwangu, kwa sababu sikuwahi kudhani kwamba cherehani nacho kina vanishi ya seremala.

Nililowesha kitambaa nikaanza na kitako. Kikatoka na rangi ya chai ya rangi, nami nikafurahi, nikijua uchafu wa miaka unaondoka. Nikabadilisha upande wa kitambaa, nikasugua tena. Kulikuwa na nakshi ya Sfinksi pale, yule wa Misri mwenye kichwa cha mtu na kiwiliwili cha simba. Dhahabu yake ikaanza kuwa nyeupe, mithili ya fedha. Hata hapo sikusimama. Nilidhani ndiyo inang'aa. Nikaongeza spiriti.

Kilichonishtua ni harufu. Spiriti peke yake naijua, na mafuta yaliyochacha nayajua. Hii ilikuwa harufu ya karakana, harufu ya kabati linalopakwa upya. Nikatazama kitambaa: rangi ile ya chai ilikuwa safi mno, haina chembe ya vumbi wala weusi wa mafuta, na ilinata vidoleni. Haukuwa uchafu. Ilikuwa vanishi, na ndani yake mlikuwa na punje ndogondogo za kumeta. Nilipotazama kitako, kichwa cha Sfinksi hakikuwepo. Mgongo ulikuwa umebaki kivuli. Nusu ya ua la pembeni nayo ilikuwa imekwenda.

Niliweka chupa chini. Hakukuwa na la kurudisha.

Ndipo nikafungua tumbo, jambo ambalo lingekuwa la kwanza. Nikavuta kibati cha kuteleza kilicho mbele ya sindano, na mle ndani nikakuta kichombo chenye umbo la mashua kinachokwenda na kurudi kikiwa kimebeba bobini ndefu, nyembamba kama sigara. Butterfly haina kitu hicho. Ni mtambo wa Singer namba 27, na yeyote anayeiona mashua ile anajua papo hapo kwamba ana chombo cha zama nyingine mkononi. Mafuta ya taa yakalegeza mafuta yaliyoganda, gurudumu likazunguka, nikatia sindano ya kawaida inayouzwa dukani leo, maana hiyohiyo ndiyo yake, kikapiga mshono ulionyooka kabisa. Kwa upande wa ushonaji kazi ilikuwa nzuri.

Yule bwana alipofika na kuuliza mbona pale juu peupe, nilimwambia nakshi zilikuwa zimeshakufa kwa uzee, na utando wa mafuta ndio uliokuwa umezishika. Akaniamini. Yeye hakuwa na sababu ya kujua. Nikamwahidi kwamba nitabandika stika mpya za Singer, zile za dhahabu zinazouzwa kwa jozi, na kitakuwa kama kipya. Uongo wangu ulikuwa na bei nafuu, na hilo ndilo lililonifanya nione ni jambo dogo.

Siku ya kukichukua alikuja na mama yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akavuta kiti. Hakuuliza kama kinashona. Alipitisha kiganja kwenye kitako, akarudia, akasema, "Fundi, simba wangu yuko wapi?"

Mwanawe akaanza kumweleza habari ya uzee. Nilimkatiza. Nikasema, "Mama, nimemfuta mimi. Nilitumia spiriti bila kukijua cherehani chako. Na mwanao nilimdanganya."

Alinyamaza kwanza. Akasema walipokuwa watoto walikatazwa kuweka mkasi juu ya simba, na mama yake alikuwa akimfuta kwa kitambaa cha marekani chenye mafuta kidogo, baada ya kila kazi. Basi utando ule wa kahawia niliouona uchafu, sehemu yake ilikuwa mafuta ya mkono wa mtu aliyekuwa akimtunza. Akakataa stika. Akanilipa sehemu ya mtambo. Ya usafishaji sikuipokea. Yule bwana hajaniletea kazi tena, na watu wa mtaa wake waliokuwa wakija kwangu wamepungua. Ana haki. Nakshi alizoondoka nazo ni zile za mkono wa juu na za upande wa nyuma, ambako kitambaa changu kilikuwa hakijafika.

Siku hizi cherehani kikiingia naisoma namba kabla ya lolote, naiandika kwenye daftari pamoja na kiwanda chake. Nafungua vibati nione kama ni mashua au ni bobini ya duara. Halafu najaribu mahali pa siri, chini ya kitako, kwa ncha ya pamba. Penye nakshi natumia mafuta safi ya cherehani tu: napaka, naacha yakae, nafuta bila kukandamiza, narudia kesho yake. Ni kazi ya siku kadhaa, na wapo wateja wanaoona nawachelewesha makusudi. Spiriti, thina, na zile dawa za kusafishia vioo zenye amonia havikaribii nakshi. Mafuta ya taa nayabakiza kwa vyuma vya ndani. Na pale ambapo vanishi imekwishaanza kuchubuka, namwambia mwenyewe kwamba tuache ilivyo. Singer mzee mwenye makovu yake ana heshima kuliko aliyepakwa rangi ya kopo, na nitabishana na fundi yeyote juu ya hilo.

Lililobaki lilikuwa la kijana niliyemfundisha kazi. Alikuwa ameshafungua kibanda chake Muheza, na alivisafisha vyerehani kama nilivyomwonyesha. Nilikwenda. Nilimkuta na chupa mezani na kitambaa pembeni yake. Nilipomaliza kumweleza alikumbuka Singer kimoja cha maua mekundu na kijani alichokisugua mpaka kikabaki cheusi, cha bibi mmoja wa Pangani, ambaye alilipa na kumshukuru. Akauliza kama ni lazima amwambie. Nikamjibu ni lazima. Akaniomba basi twende wote, kwa kuwa mafunzo yalikuwa yangu. Tulikwenda.